Gari Lisiloguswa na Fundi

Siku hiyo gerejini tulikuwapo Bwana Shekalaghe mwenye kiwanja, fundi Mwanakombo, na mimi muuza vitumbua na mwanangu mgongoni. Mwanakombo alikuwa amenipa kigoda chake, yeye akakalia tairi.

Bwana Shekalaghe alileta gari la mashindano alilolinunua kuukuu. Mwenye nalo wa kwanza alikuwa amelifungia kabureta, ile ya kuchanganya petroli na hewa, kubwa kuliko kichwa cha mbuzi, na sasa lilikohoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi.

“Litulize kabla ya adhuhuri, la sivyo banda lako nalibomoa,” alisema. “Na usiliguse! Nyinyi mafundi mnaiba vipuri.”

“Haya, mzee. Basi shika bisibisi mwenyewe. Skrubu ile ya petroli, izungushe kushoto.”

“Ili gari life kabisa? Nawajua nyinyi!” Akaizungusha kulia. Petroli ikapungua, na moshi nao.

“Basi, mzee! Hapo hapo, usiongeze!” Mwanakombo alilia, mikono kichwani.

“Unaumia, eh?” Akaongeza nusu mzunguko. Gari likaunguruma polepole kama paka aliyeshiba.

Bwana Shekalaghe alicheka mpaka kitambi kikatikisika. “Nimekushinda! Kila ulichosema nimefanya kinyume!”

“Ndiyo maana nilisema kinyume, mzee,” alijibu Mwanakombo. “Gari limetulia, sijaligusa, na adhuhuri bado.”

Banda lile lipo mpaka leo, na kigoda bado nakikalia mimi.