Mbwa wa Habona Asiyebweka

Paukwa!

Pakawa!

Wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogezeni kuni, mkae vizuri, niwapeleke mtoni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa hawajachoka kusema na sisi, palikuwa na kivuko katika mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo. Kivukoni palikuwa na mitumbwi mitatu. Wengine husema minne. Ilikuwa mitatu, bibi yangu aliyenipa hadithi hii aliihesabu kwa vidole, naye hakuwa mtu wa kuongeza kidole.

Mtumbwi wa kwanza ulikuwa wa Komora, wa pili wa Hiribae, na wa tatu wa Habona, mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe mtumbwi huo na watoto wanne wa kulisha.

Kila mtumbwi ulikuwa na mbwa wake. Hiyo ilikuwa sheria ya kivuko: mbwa akae mbele, akinusa kiboko abweke, na mwenye mtumbwi asubiri kiboko apite. Mtumbwi usio na mbwa wa kubweka haukupakia watu. Ulivutwa nchi kavu, kuku wakatagia ndani.

Kila asubuhi, wakimwaga kwa vibuyu maji yaliyoingia mitumbwini, wenyewe walisifu mbwa wao.

"Mbwa wangu Mtakoma," alisema Komora, "jana kabweka mara moja tu, mamba wakahama ukoo mzima."

"Mbwa wangu Hawaniwezi," alisema Hiribae, "akibweka hapa, watu wa ng'ambo wanafunga milango."

"Mbwa wangu Taratibu," alisema Habona, "jana kala samaki, akaniachia kichwa."

Wanaume wale walicheka mpaka vibuyu vikawaponyoka.

"Dada Habona! Sisi tunaeleza habari za mbwa, wewe unatuletea habari za mkwe mwema!"

"Na huyo mkwe," akauliza Komora, "umewahi kumsikia akibweka?"

Habona akainama, akaendelea kumwaga maji. Hakuwahi kumsikia. Si mchana, si usiku, si hata siku mwizi wa kuku alipokuja, ambapo Taratibu alimsindikiza hadi njia panda.

Maneno hayo yalitoka kinywa hiki yakaingia sikio lile, hadi yakamfikia Mzee Dulu, mkubwa wa kivuko. Akaja na bakora yake.

"Habona, binti yangu, kesho nitapanda mtumbwi wako. Mbwa asipobweka mbele ya kiboko, tutauvuta nchi kavu."

"Na wanangu, baba?"

"Sheria haina watoto, binti yangu. Lakini wenzako nao watavuka, mtu asiseme nimekuonea."

Habona akamketisha mbwa wake chini.

"Taratibu, kwa nini hubweki?"

"Mama, kubweka ni kumgombeza mtu. Yule kiboko amenikosea nini?"

"Bweka hata kwa uongo. Jaribu."

Taratibu akafungua kinywa, akakifunga. "Haiji, mama."

"Jaribu tena."

"Haiji, mama."

"Kwa ajili ya wadogo zako, jaribu!"

Akafungua kinywa, akakifunga, akajilamba pua. "Haiji, mama."

Asubuhi ikafika. Komora alitangulia. Mtakoma alibweka tangu ukingoni: bwe! bwe! bwe! Katikati ya mto kiboko akainua sikio. Sikio moja tu. Mtakoma akaruka kifuani kwa bwana wake, akaingiza kichwa ndani ya shuka. Komora akageuza mtumbwi.

"Mwanangu anasikia baridi," alisema, akimpangusa masikio. "Mtu yeyote asicheke."

Akafuata Hiribae. Hawaniwezi akambwekea kiboko, Hiribae akasubiri. Akambwekea bata, Hiribae akasubiri. Akalibwekea jani, Hiribae akasubiri.

"Nyamaza, kipenzi changu, jua linapanda."

"Sinyamazi! Hilo jani linanitazama!"

Wakabaki pale pale katikati.

Zamu ya tatu, Habona akashika kafi, Mzee Dulu akakaa nyuma yake. Walipofika penye kina, maji yakafunguka na kichwa cha kiboko kikatokea ubavuni mwa mtumbwi. Bakora ya Mzee Dulu ikatumbukia mtoni, na hakuna aliyeiulizia.

"Shikamoo, babu," alisema Taratibu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimejisogeza ili mpite. Leo kelele ni za nini?"

"Ni za kwetu, babu. Nami natakiwa nibweke. Nisipobweka, mtumbwi wa mama unavutwa nchi kavu, na wadogo zangu wanne watalala njaa."

"Basi bweka."

"Haiji, babu."

"Bweka, sitakasirika."

"Hujanikosea, babu. Naona haya."

Kiboko akafikiri kidogo, maji yakimchuruzika puani.

"Yale mahindi ya mama yako kule bondeni," akasema. "Unayakumbuka? Niliyala mimi."

Taratibu akasimama. "Mahindi ya mama?"

"Yote. Na mabua yake. Yalikuwa matamu."

Kama kweli aliyala, au alisema hivyo ili amsaidie mjukuu wake, bibi hakuniambia, nami siongezi. Manyoya ya Taratibu yalisimama shingoni. Akavuta pumzi, akatanua miguu, akafungua kinywa.

"Kwe!"

Kiboko akamtazama. Akafumba kinywa, akavumilia, akavumilia, akashindwa. Alicheka! Alicheka tumbo likapiga maji, maji yakawa mawimbi, na mawimbi yakaubeba mtumbwi wa Habona mpaka ukapanda ukingo wa ng'ambo, kafi likiwa bado mikononi mwake.

"Hiyo si kubweka!" Hiribae alipiga kelele kutoka katikati ya mto. "Hiyo ni kwikwi!"

Mzee Dulu alikuwa akikamua nguo yake.

"Sheria inasema mbwa abweke," akajibu. "Haisemi abweke kwa ukubwa gani. Mbwa wenu wamebweka tangu alfajiri, na mimi ndiye niliye ng'ambo. Mtumbwi wa Habona utabaki majini."

Habona akapiga magoti mchangani, akamkumbatia mbwa wake.

"Mama," alisema Taratibu, "usinifanyie hivyo tena. Koo linaniuma."

Akapikiwa uji laini juma zima. Na kila asubuhi walipopita penye kina, kichwa kikubwa kilitokea majini na kuuliza:

"Koo la mjukuu wangu limepoa?"

Hadithi yangu imegusa ukingo, imeishia hapo. Anayetaka kuivusha mbele, na atafute mbwa wake.