Kisima cha Babu Yake Huka

Ukame ule uliacha kisima kimoja tu chenye maji huku mpakani. Huka, tajiri wa ngamia, alifika na kundi lake akawafukuza wote waliokuwa kwenye foleni.

"Kisima hiki alikichimba babu yangu. Ni changu."

Watu walinung'unika. Darmi, mjane mwenye mbuzi wachache, aliinuka akijipangusa vumbi.

"Hata mimi nimewahi kusikia hivyo, mzee Huka. Lakini hawa ni wabishi. Apa mbele yao."

Huka akaapa.

"Kwa hiyo sisi hatuna chetu hapa?"

"Hata tone."

"Ni wageni tu?"

"Wageni kabisa, nyote."

"Mmesikia," Darmi aliwaambia wenzake, akaanza kuswaga mbuzi wake kuelekea kwenye hori.

"Wewe mama, unakwenda wapi?"

"Kunywesha. Tangu enzi za babu yako, mifugo ya wageni hunywa kwanza, mwenye kisima hunywesha mwisho. Au hakukwambia?"

Jua lilipoinama, Huka alikuwa bado nyuma ya punda wa mwisho, akimweleza kila aliyepita kwamba huenda babu yake alichimba kisima kingine.