Gari la Jina na Radhi za Watu Wawili

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana mimi nilikuwa nimeshaota ndevu, mji mmoja wa milimani ulikuwa na mtu aitwaye Mzee Shemweta. Ujanani alikuwa dereva wa magari ya mbio, na gari lake lilikuwa Beroni. Alishinda nalo mara tatu. Tangu hapo, ukimtajia gari la aina nyingine alikutazama kama umemtukania mama. Picha ya Beroni ilikaa ukutani juu ya picha ya harusi yake, na mkewe, Bi Mwantumu, alishazoea.

Mzee akazeeka, akapooza upande mmoja. Mwanawe Hoza naye akawa dereva, na ikafika siku ya kununua gari lake la kwanza la mbio. Dukani kulikuwa na magari mawili, bei moja. Moja Beroni. La pili liliitwa Tasko, kazi ya watu waliokuwa na miaka minne tu katika shughuli hiyo, hata nembo yake hakuna aliyeijua. Hoza akayaendesha yote mawili, akarudi nyumbani.

"Baba, Tasko linatulia kwenye kona. Beroni linayumba."

Mzee akasema, "Jina ni jina. Mimi silijui hilo Tasko. Nataka nife nimekuona ndani ya Beroni."

Hoza akaenda kwa Fundi Kupaza, ambaye mji mzima ulimwita daktari wa Beroni. Fundi akayainua magari kwa jeki, akalala chini yake, akayagongagonga. Akatoka, akajifuta mikono. "Jina ni jina, kijana. Chukua Beroni."

Akaenda kwa dada yake Saumu, karani wa duka lile lile. "Dada, makaratasi yao yote yako kwako. Nichukue lipi?"

Saumu akainama. "Mfurahishe baba."

Basi Hoza akachukua Beroni. Siku ya mbio, kwenye mteremko, chuma cha usukani kikakatika, gari likaenda bondeni. Walimleta nyumbani amefunikwa shuka. Hapa sipendi kusimulia, napita.

Siku ya arobaini, kisomo kilipokwisha na watu kuondoka, Mzee, Fundi Kupaza na Saumu walibaki mbele ya Bi Mwantumu kumwomba radhi. Kila mmoja alijua lake. Bi Mwantumu akawaambia, "Siku arobaini nimejitafuta moyoni. Nimepata radhi za watu wawili. Za mtu wa tatu sina, na sitamdanganya mtu huku mwanangu yuko chini ya udongo. Semeni."

Mzee akaanza. "Mama Hoza, ninyime mimi. Mtoto aliniambia lipi zuri, mimi nikamvisha ujana wangu. Beroni la siku hizi sikuuliza hata likoje. Nilikuwa napenda lile la miaka thelathini nyuma."

"Wewe hukujua, Mzee," Fundi Kupaza akasema. "Mimi nilijua. Nililala chini ya lile gari nikakiona kile chuma, chembamba, si cha Beroni nililojifunzia kazi. Lakini mji ukijaa Tasko, mimi nitakuwa daktari wa nini? Nikasema jina ni jina, nikaenda kula."

Saumu hakuwatazama. "Fundi aliona chuma kimoja. Mimi nilisoma barua. Kiwanda cha Beroni kilifungwa miaka sita nyuma, likauzwa jina tu. Walionunua wanabandika nembo ile kwenye magari yao wenyewe. Niliisoma nikairudisha kwenye faili." Akamgeukia mama yake. "Kabla Hoza hajaniuliza nilikuja kwako kwanza, Mama, nikakuambia Beroni si lile tena. Ulikuwa unamlisha baba uji. Ukaniambia, mwache mzee afurahi, siku zake zimebaki chache. Sisemi hivi ili nijitoe lawamani. Hoza aliniuliza kwa mdomo wake, nami sikumwambia."

Bi Mwantumu akashika kichwa. Aliikumbuka siku ile, akakumbuka hata kwamba uji ulikuwa wa moto na alikuwa ana haraka. Kwa siku arobaini alikuwa akiwachukia watu watatu, na chuki ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Sasa hakuwa na pa kuiweka. Mumewe akaunyoosha mkono wake mzima kumgusa, Bi Mwantumu akauondoa wake.

Akaisukuma kando chai waliyowekewa. Kisha akasema, "Basi tuko wanne. Na radhi ni zile zile mbili."

Nyie mnaosema jina la gari ni kila kitu, na nyie mnaocheka mkisema jina si kitu, nimewasimulia yote na sikuficha. Msinijibu harakaharaka. Je, kati ya wale wanne, ni nani wawili waliozistahili?