Salamu za Fisi Kibuyuni

Mwaka ule ukame ulibana hata ng'ombe wakakauka, na kibuyu cha maziwa kikabaki na mafunda machache tu. Humo ndani waliishi viumbe wadogo kuliko vumbi, bakteria wasioonekana kwa jicho, ila tabia zao zilikuwa zile zile za wanyama wa porini: Fisi mlafi, Sungura mjanja.

Fisi na ndugu zake walikuwa na desturi yao. Kila aliyewagusa walimsalimu kwa kumdunga sindano ya sumu, bila hata kumuuliza jina. Wao kwa wao walidungana kutwa wakicheka, maana kila mmoja alijipikia tumboni dawa ya kuzima sumu hiyo. Majirani hawakuwa na dawa. Wakaisha, na Fisi wakala sukari yao ya maziwa.

Akabaki Sungura peke yake, amejibana ukutani. Sumu hana, dawa hana, na Fisi mkubwa yuko hatua tatu. Aliogopa mpaka masikio yakalala.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, mpwa wangu. Sogea tusalimiane."

"Naja, mjomba. Ila mbona umekonda?"

Fisi akashtuka. "Nimekonda?"

"Utaachaje kukonda, na nusu ya sukari yako inaishia kwenye kupika dawa? Hebu niambie, nduguzo wamekudunga tangu uzaliwe. Umewahi kuumwa hata kichwa?"

"Hata siku moja!"

"Sasa dawa ya nini?"

Fisi akaona ni kweli tupu. Akazima jiko la tumboni, akala sukari yote, akanenepa akang'aa. Dawa ya akiba ikapungua, ikaisha, naye hana habari.

"Haya mpwa, sasa zamu yako!" akasema akijilamba. Hatua mbili. Moja. Sungura akafumba macho.

Nyuma, mdogo wake Fisi alimwona kaka alivyonawiri, akafurahi kweli. Akamrukia kwa salamu ya ukoo: chomo!

"Aa, mdogo wangu," Fisi akasema kwa mshangao, "mbona leo inauma?" Akapasuka.

"Sungura kamuua bila kumgusa!" wakapiga kelele ndugu zake, wakatimkia upande wa pili wa kibuyu, wala hawakurudi tena.

Sungura akafumbua jicho moja. Sukari ya mjomba ilikuwa imetapakaa miguuni pake. Kwa kuwa alilelewa vizuri, alitaka kwanza amwambie marehemu pole, kisha akakumbuka: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.