Sufuria Mbili za Mama Charlotte

Aliyewahi kumsaka mtoto chawa kichwani hahitaji kufafanuliwa methali hii. Chawa hukamatwa, akawekwa juu ya ukucha, akabanwa na ukucha wa pili. Mwenye kidole kimoja atamsukuma huku na huko mpaka mtoto alie na chawa apate wajukuu. Ndiyo maana wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa: jambo zito halimalizwi na mtu mmoja, wala kwa njia moja, hata mtu huyo awe hodari kiasi gani. Marlène na wifi yake Solange waliijua methali hiyo tangu utotoni. Lakini kujua ni kazi moja, na kufuata ni kazi nyingine.

Mama yake Marlène aliitwa Mama Charlotte. Alikimbia vita Bukavu pamoja na watoto wake wawili, Narcisse na Marlène, akafika Malawi na kupewa kiwanja katika kambi ya Dzaleka. Hapo alijulikana kwa cherehani yake ya kukanyaga. Nusu ya wanakwaya wa kambi walivaa kazi ya mikono yake, na mlio wa cherehani ile ulikuwa kama saa ya mtaa: ukinyamaza, majirani walikuja kuuliza kuna nini.

Mwaka 2014 mlio huo ulinyamaza. Kidonda kilifunguka kwenye kisigino cha mguu wa kulia, mguu aliokanyagia, kikakataa kufunga. Alipopimwa zahanati akaambiwa ana ugonjwa wa sukari. Alipewa vidonge, akakatazwa chai ya sukari na soda, kisha akaonywa bila kufichwa kwamba sukari isiposhuka mguu huo utakatwa. Mama Charlotte hakuwa mwoga wa kifo, kwani alikwisha kukiona kwa karibu. Alichoogopa ni kuishi akiitazama cherehani yake ikigeuzwa meza ya kuwekea vyombo.

Marlène alikuwa anaishi Lilongwe, akiuza vitenge. Alikuwa amesoma, alizungumza Kichewa kama mwenyeji, na alikuwa na jibu la kila swali, hata lile asiloulizwa. Aliposikia kutoka kwa wateja wake kwamba uji wa oti, ambayo watu wa Bukavu huiita avoine, huwafaa sana wenye sukari, alinunua pakiti kadhaa akazipeleka Dzaleka.

“Mama, kula hii kila asubui,” alisema. “Avoine njo dawa ya sukari. Hauna lazima ya kitu ingine.”

Mpishi, na mwosha kidonda pia, alikuwa Solange, mke wa Narcisse. Solange alizaliwa kijijini Fizi, kwa wakulima wa mihogo, na Marlène hakuwahi kuimeza ndoa ile. Kambi nzima ilimwita Solange kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Cadeau, isipokuwa Marlène peke yake. Basi alimtupia pakiti mlangoni, hakuketi jikoni kumwonyesha zinavyopikwa. Solange naye hakuuliza. Ataniona mshamba, alijisemea, akainua kichwa juu kama mtu anayejua.

Kwa Solange, kumpa mama mkwe uji usio na sukari kulikuwa ni kumtukana. Chai alimnyima sukari kwa sababu alikatazwa. Lakini oti ilikuwa dawa, na aliamini kabisa kwamba dawa ingeshinda chochote kitakachotiwa ndani ya sufuria yake. Akaipika kwa maziwa, akaimwagia sukari kwa mkono wa upendo. Mama Charlotte alikomba bakuli, akaomba tena. Naye hakuuliza, maana kinywa kilichopata utamu hakina maswali.

Marlène aliporudi kambini, alisalimiwa na harufu ya kidonda kabla hajasalimiwa na watu. Kisigino kilikuwa kimekuwa cheusi pembeni. Alitoka uani kwa hasira, akachovya kidole katika sufuria ya uji, akaonja, akatema.

“Sukari! Solange, mutu wa sukari uko namupatia sukari?”

“Ni ile avoine yako njo minamupatia,” Solange alijitetea. “Uji bila sukari? Minamuheshimu mama mukwe, hapana mufungwa.”

“Unamuua! Leo leo nitaenda naye Lilongwe.”

Narcisse hakuthubutu kumzuia. Alikuwa mpole kupita kiasi, na dada yake alimzidi maneno tangu wakiwa watoto. Mzigo ukafungwa, Mama Charlotte akapandishwa kwenye kabaza, ile baiskeli ya kukodi, wapelekwe hadi kituo cha basi. Solange akawakimbilia njiani akiwa na mfuko mdogo mkononi.

“Yaya Marlène,” aliita, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, “musisahau vidonge!”

“Hizo dawa za kambi zimesaidia nini? Baki nazo. Avoine yangu itatosha.”

Solange alibaki amesimama kwenye vumbi, mfuko mkononi. Aibu ilimchoma, kwa kuwa juu ya sukari wifi yake alikuwa amesema kweli. Ila moyo ulimwambia kwamba juu ya vidonge alikuwa amekosea.

Tuseme haki: Marlène alijua kupika oti. Aliichemsha kwa maji, akatia chumvi kidogo na unga wa karanga, sukari hata chembe. Mwanzoni Mama Charlotte alipata nafuu. Alishiba hadi mchana, na ile njaa ya ghafla ya kumtoa jasho ikamwacha. Marlène akapiga simu Dzaleka kujisifu. Narcisse akamshukuru Mungu, na Solange, aliyekuwa akisikiliza kando ya simu, akauliza swali moja tu.

“Vidonge, alipata vingine huko?”

Simu ilikatwa.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Mama Charlotte akashikwa na kiu isiyokatika, akawa anakwenda msalani mara kwa mara, macho yakaona ukungu. “Vidonge vyangu viko wapi?” aliuliza. Marlène aliogopa, lakini kuogopa na kukubali kosa si ndugu. Alizidisha oti. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji mzito zaidi, na mgonjwa akawa anazidi kudhoofika mbele ya macho yake.

Huko Dzaleka Solange hakula wala hakulala vizuri. Asubuhi moja aliuchukua ule mfuko wa vidonge, akamwambia Narcisse, “Mi naenda. Akinifukuza, basi anifukuze.” Hakuwa na kibali cha kutoka kambini. Basi lilipofika Lumbadzi na kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, aliukumbatia mfuko kifuani, akainamisha kichwa, akamwomba Mungu mambo mengi kwa pumzi moja. Askari alichungulia, akawapungia mkono wapite.

Marlène alimfungulia mlango nusu.

“Umefuata nini? Kumaliza kazi yako?”

“Nimeleta dawa ya Mama. Kamata, nitarudi.”

“Rudi nayo Fizi!”

Mlango ulikuwa bado haujafungwa waliposikia kishindo ndani. Marlène alikimbia. Mama Charlotte alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta, midomo imekauka, akitaja majina ya watu waliokufa Bukavu. Marlène alimshika kwapani akavuta. Mama yake alikuwa mwanamke wa mwili, hakusogea. Alivuta tena, akateleza, akapiga magoti. Hapo kiburi chake kikapasuka.

“Solange! Ingia! Nisaidie, Mama anakufa!”

Solange alikuwa amekwisha kuingia. Mmoja alishika mabega, mwingine miguu, wakamwinua kwa pamoja, wakampeleka hospitali.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa Mmalawi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alipima damu, akaifunua bandeji, uso wake ukabadilika. Akauliza kwa Kichewa mgonjwa alikuwa anakula nini. Kati ya wawili hawa, aliyekielewa vizuri ni Marlène. Solange alijua cha sokoni tu.

“Anauliza ulikuwa unamupikia nini kule kambi,” Marlène alitafsiri.

Solange hakujificha. “Mwambie ukweli. Nilitia sukari ndani ya avoine. Nyingi. Sikujua.”

Marlène alilitafsiri neno kwa neno, na ladha ya ushindi ikampita ulimini. Muuguzi akatikisa kichwa, kisha akauliza swali la pili, akimtazama yeye. Vidonge je? Mara ya mwisho alimeza lini?

Hakuna aliyejua jibu ila Marlène. Angeweza kusema jana. Angeweza kusema wifi yake hakuwahi kuvitoa, na hakuna ambaye angembishia, kwa kuwa Solange alikuwa anasubiri tafsiri kwa macho manyofu kabisa, mfuko wa vidonge ukiwa magotini pake, haujapungua. Muuguzi akaliuliza swali tena, safari hii kwa haraka. Kitandani Mama Charlotte alikoroma.

“Tangu nimuchukue, hajameza hata kimoja,” Marlène alisema kwa Kiswahili, ili Solange asikie kwanza. “Nilikataa mi mwenyewe.” Kisha akasema hivyo hivyo kwa Kichewa, machozi yakimtiririka.

Muuguzi hakuwafokea. Alimwekea mgonjwa dripu na sindano ya kushusha sukari, ndipo akarudi kwao. Alisema, Marlène akimtafsiria Solange, kwamba oti ni chakula kizuri sana kwa mtu huyu. Hupita tumboni polepole, hivyo sukari ya damu haipandi kwa kishindo. Hushibisha, husaidia kupunguza mafuta mabaya ya damu, na moyo huifurahia. “Lakini oti haitamezea mgonjwa vidonge,” alisema, “haitamwoshea kidonda, na ukiitia sukari unaifunga mikono. Sukari ikishuka na kidonda kikisafika, mguu utabaki. Yasipofanyika yote mawili, daktari atakata.”

Walikaa pale wodini, wawili hao, kwenye mkeka mmoja, kila muuguzi apitapo wakishtuka. Daktari alipokuja kukitazama kidonda, alikibonyeza hapa na pale kwa muda mrefu, na Marlène akajikuta ameushika mkono wa Solange. Sukari ilikuwa imeanza kushuka. Mguu ungesubiriwa, usikatwe kwanza.

“Zikomo,” Marlène alimshukuru daktari. Kisha akamgeukia wifi yake, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ile akamwita kwa heshima yake. “Mama Cadeau, mi najua kupika avoine tu. We unajua kuosha kidonda na kukumbuka vidonge. Tufanyeje?”

“Twende nyumbani, Yaya,” Solange alijibu. “Utanionyesha.”

Ndivyo walivyofanya. Marlène alihamia Dzaleka kwa muda, akaketi jikoni alikokataa kuketi. Alipika uji usio na sukari, Solange akihesabu vidonge na kuosha kisigino kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kama alivyofundishwa zahanati. Mama Charlotte alilalamika kwamba uji hauna ladha. Wakamcheka wote wawili, na bakuli likaliwa. Kidonda kilijifunga taratibu, kikawatesa kwa wasiwasi mpaka siku ya mwisho.

Asubuhi moja majirani walisikia mlio walioukosa kwa miezi mingi. Walikuja mbio, wakamkuta Mama Charlotte kwenye cherehani, mguu wa kulia ukikanyaga, akishona magauni mawili ya kitenge kimoja. Walipomuuliza ni ya nani, aliwaonyesha kwa kidevu wanawake wawili waliokuwa wakibishana kuhusu chumvi mbele ya sufuria moja.

“Ya hawa,” alisema. “Kila mmoja peke yake alikaribia kunimaliza. Kidole kimoja hakivunji chawa.”