Mitungi Saba ya Bustani ya Mize

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko visima, palikuwa na fukara mmoja jina lake Vuai, hana mali ila mkewe Mize na kibustani cha mchicha ambacho Mize alirithi kwa mamaye. Mwaka mmoja maji ya bahari, maji ya bamvua, yakapanda hata yakakifunika, na yaliposhuka yakaacha chumvi nyeupe juu ya udongo. Mchicha wote ukanyauka. Basi Vuai akaenda kwa Sultani Badrani kuomba asamehewe kikapu cha mchicha kilichopasa kupelekwa jumbani kila mwaka.

Sultani akasema mbele ya baraza, "Ewe Vuai, ardhi ya nchi hii ni mwili wangu. Nenda ukaihudumie kama ninavyohudumiwa mimi, na siku ya arubaini nataka kikapu changu. Ukikosa, wewe na mkeo mtahama nchi."

Vuai aliingiwa na hofu, maana Mize hakuwa na kwao pengine. Lakini ufukara haumli mtu akili. Akajibu, "Nimesikia na nimetii, bwana wangu. Naomba amri hiyo iandikwe neno kwa neno." Waziri akaandika, akapiga muhuri.

Kulipopambazuka Vuai akachimba mfereji kando ya bustani, kisha akaenda kwenye kisima cha jumbani, ambacho ndicho pekee chenye maji matamu. Desturi ilikuwa Sultani huogeshwa mitungi saba kila asubuhi. Vuai akawaonyesha wachota maji ule muhuri, akasema, "Mwili wa Sultani umelala kule bustanini, nao haujaoga."

Nani angethubutu kubishana na muhuri? Ikawa kila siku mitungi saba inamwagwa bustanini, na chumvi inayeyuka inatoka na maji mferejini, naye Vuai akapanda mbegu za mchicha upya. Mshika mwavuli wa Sultani naye akaitwa, akaukinga udongo na jua. Hata samadi ya farasi wa Sultani ililetwa, maana mwili lazima ule, ingawa mpishi wa jumbani alinuna siku nzima.

Kisima chenyewe kilikuwa kidogo. Basi wachota maji, kwa hofu, wakawa wanamwogesha Sultani maji ya chumvi ya kisima cha pwani, wakanyamaza.

Siku ya arubaini Vuai akaingia barazani na kikapu cha mchicha mbichi, akamkuta Sultani anajikuna mgongo kwa ala ya upanga.

"Umeupataje?" akauliza Sultani.

Vuai akaeleza yote, asifiche hata mtungi mmoja.

"Kumbe ndiyo maana," akasema Sultani. "Siku arubaini ngozi yaniwasha, silali."

"Bwana wangu, wewe una kucha za kujikunia. Mchicha hauna."

Sultani akamtazama, akajikuna, kisha akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akaamuru kisima kifunguliwe kwa kila mwenye bustani iliyoingiwa na chumvi, na kikapu cha mwaka ule akakirudisha kwa Mize. Hadithi yangu imefika kisimani. Mwenye kiu na achote.