Mtumbwi, Kikonyo na Uzito wa Mbodze

Hapo zamani, kabla ya mto kujengewa daraja, kulikuwa na kijiji chenye desturi yake: mtoto akiopolewa majini akiwa hai, jina lake la kwanza huachwa hukohuko majini, na aliyemwokoa humpa jingine. Ndilo ataitwa mpaka azeeke. Basi sikilizeni yaliyomkuta Kadzo, mama wa mtoto mmoja tu, Sidi.

Siku hiyo Kadzo alikuwa akifua, na Sidi akicheza majini karibu naye. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu na mto ulikuwa unajaa. Ukingo ukamong'onyoka. Gogo moja kubwa, lililolowa hata likasahau kuelea, likabiringika likambana Sidi mguu. Maji yalimfika kifuani.

"Mama, mguu!"

Kadzo akavuta mguu, hautoki. Akainua gogo, haliinuki. Akapiga yowe, watu wakaja mbio. Wanaume wakaliinamia gogo wakasukuma. Miguu yao ikazama kwenye tope, gogo halikutikisika. Maji yakafika shingoni.

Ngumbao, mvushaji wa watu, akauleta mtumbwi wake juu ya gogo, akazamia, akafunga kamba. Wanaume wanne wakarukia ndani, wakaivuta ile kamba kwa nguvu zao zote. Kumbe wanakosea! Kadiri walivyovuta juu, ndivyo mtumbwi ulivyokwenda chini, na gogo likabaki palepale.

Maji yakafika kidevuni.

Hapo akaja Bi Jumwa, mavyaa wa Kadzo, yaani mama wa mumewe, na kikonyo cha jani la mpapai, kilicho wazi ndani kama mrija. "Mjukuu wangu, uma hiki. Vuta pumzi kwa kinywa. Babu yako aliwakimbia nyuki akajificha mtoni kwa kikonyo kama hiki, na hakufa. Kadzo, mbane pua. Hapa karibu na juu ataweza, lakini maji yakimzidi yatamkandamiza kifua hata pumzi ishindwe kuingia. Enyi wanaume, fanyeni haraka!"

Maji yakafunika kinywa, yakafunika pua. Kadzo akambana mwanawe pua kwa vidole viwili, akatega sikio kwenye kikonyo. Fyuu. Fyuu. Hakutaka sauti nyingine duniani.

Ndipo akafika Mbodze, anahema. Mbodze alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa, na kila alipovuka mto alivuka na masimango ya Ngumbao.

"Nipisheni, nami nivute."

"Wewe tena!" Ngumbao akamaka. "Ukipanda, mtumbwi wangu unataka kunywa maji. Ukishuka, unaruka juu kama mbuzi aliyefunguliwa..."

Akautazama mtumbwi, akaitazama kamba.

"Unaruka juu," akarudia polepole. "Dada Mbodze, panda! Panda upesi!"

"Leo nimekuwa dada?" Mbodze akajibu, lakini mguu mmoja ulikwisha kuwa ndani.

Akapanda pamoja na wale wanne. Mtumbwi ukashuka mpaka maji yakabakisha vidole viwili kuingia. Ngumbao akazamia, akaifunga kamba upya kutoka kwenye gogo mpaka kwenye mtumbwi, akaikaza kama ngozi ya ngoma.

"Sasa shukeni!"

Wanaume wakaruka. Kamba ikalia, mtumbwi ukalalama, gogo likatikisika kidogo tu.

"Mbodze!"

"Naja, jamani!"

Akajitupa majini, pu! Mtumbwi ukainuka, kamba ikainuka, gogo likainuka shubiri nzima. Kadzo akavuta. Mguu ukatoka.

Sidi akatema kikonyo, akakohoa weee, kisha akasema, "Mama, umeniumiza pua."

Kadzo akacheka huku analia. Ukingo mzima ukacheka. Hata Bi Jumwa, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alijifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanamtikisika.

Kesho yake watu wakakusanyika kwa Kadzo, wakala wali wa nazi wakashiba. Ikabaki kazi ya jina.

"Ataitwa Pumzi," alisema Bi Jumwa. "Bila kikonyo changu, mngeinua gogo mkaokota maiti."

"Kikonyo kingemfaa mpaka lini, mama, na maji yanapanda?" Ngumbao akauliza. "Mtumbwi wangu, kamba yangu, na akili ni yangu. Ataitwa Chombo."

"Akili gani?" Mbodze akadakia. "Akili imekujia ukinisimanga! Wanaume wanne waliruka, gogo likagoma. Niliporuka mimi, likainuka. Ataitwa Mbodze, kama mimi. Na siku akipanda mtumbwi wako, utacheka naye, hutamcheka."

"Hapo umenipata," alisema Ngumbao, akakuna kichwa. "Lakini haki ya jina siiachi."

Kadzo hakuzoea kusema mbele za watu. Akamtazama mavyaa wake. Akamtazama Ngumbao, akamtazama Mbodze. Akautazama na mto, akawaza: huu nao ndio uliotaka kummeza mwanangu, na huuhuu ndio uliousukuma mtumbwi juu.

Sidi akamvuta kanga. "Mama, mimi sasa naitwa nani?"

Watu wote wakamgeukia Kadzo, wakangoja.

Nanyi mliokaa hapa msimwache peke yake. Yuko aliyempa mtoto pumzi, yuko aliyegundua njia, yuko na aliyekuwa mzito wa kutosha. Je, nani alistahili kumpa Sidi jina?